Kupenda watu ambao historia imekwisha kuwazika: jibu kwa msomaji anayecheza Hakuoki

*Swali: Shikamoo dada. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat aliniachia Switch yake, ile mashine ya michezo, na ndani nikakuta mchezo wa Hakuoki, lile toleo la Kiingereza la 2024. Napenda hadithi za mapenzi, kwa hiyo nikaingia kichwa kichwa. Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu hadithi imekatika kabla sijaonja mapenzi yoyote. Mara ya mwisho nilidhani mashine imeharibika. Nakosea wapi? Nifuate zile orodha za majibu sahihi zilizoko mtandaoni? Nianze na mwanamume yupi? Na hawa wenye nywele nyeupe wanaokunywa damu wameingiaje katikati ya historia ya Japani? Dada yangu mkubwa ananicheka, anasema huu si mchezo, ni kubonyeza kitufe tu. Msomaji, Tanga.*

Marahaba, mdogo wangu. Mashine yako ni nzima. Kilichokupata humpata karibu kila anayeingia kwenye michezo ya aina hii bila mtu wa kumshika mkono, na mimi mwenyewe nilikatikiwa hivyo hivyo, nikalala na hasira.

Umeniuliza mambo manne, lakini naona chini yake kuna moja tu: unataka kujua mchezo huu unataka nini kutoka kwako. Kwa hiyo nitaanza na kukatika kwa hadithi, halafu nikupeleke kwenye historia, maana ukiielewa historia utaanza kusoma kila chaguo kwa jicho jingine.

Hakuoki ni otome, yaani mchezo wa mapenzi unaomweka mchezaji katika nafasi ya msichana. Neno lenyewe maana yake ni mwanamwali. Aina hii ilianza Japani mwaka 1994 na mchezo uitwao Angelique, uliotengenezwa na kikundi cha kampuni ya Koei. Hakuoki ilitoka Septemba 2008 kwa PlayStation 2, chini ya nembo ya Otomate ya kampuni ya Idea Factory, na ikapendwa mno hadi ikaandikwa upya kwa sehemu mbili, Kyoto Winds na Edo Blossoms. Hizo ndizo ulizo nazo, zimefungwa pamoja. Katika maandishi haya mapya wanaume wanaoweza kupendwa ni 12. Shika namba hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuangusha.

Mwanzoni wote 12 hawajafunguka njia. Kuna shina moja la hadithi ambalo kila mchezaji hulipitia, na matawi huja baadaye. Ukiwa kwenye shina, mchezo unahesabu kimya kimya. Kila unapoulizwa ubaki na nani, umfuate nani, useme au unyamaze, mtu fulani anaongezewa pointi za mapenzi. Ukifika pale njia zinapogawanyika, mchezo unatazama ni nani aliyefikisha kiwango. Akiwepo, unaingia njia yake. Asipokuwepo, Chizuru, msichana unayemwongoza, hana wa kumfuata, na hadithi inafungwa palepale kwa ukurasa mfupi wa huzuni. Wewe, nadhani, ulikuwa mwema kwa kila mtu. Leo umecheka na Okita, kesho umemhurumia Saito, keshokutwa umekaa na Harada kwa sababu ni mpole. Katika maisha huo ni ukarimu. Humu ndani mshika mbili moja humponyoka, na aliyeshika 12 hubaki na hewa.

Dawa yake ni rahisi. Chagua mtu mmoja tangu dibaji, na kila unapopewa nafasi nenda alipo. Mchezo unakusaidia: ukijibu lililomgusa, petali za maua ya sakura hupeperuka kwenye skrini. Ukiziona, andika pembeni ulichojibu. Usipoziona, usifadhaike, si kila swali lina petali.

Jambo la pili ni kusevu, yaani kuhifadhi mchezo pale ulipofikia. Usitumie nafasi moja na kuandika juu yake kila siku. Kila swali linapojitokeza, kabla hujabonyeza, sevu kwenye nafasi mpya. Nafasi zipo nyingi, zimewekwa kwa kazi hiyo. Hadithi ikikatika, huhitaji kurudi mwanzo, unarudi njia panda ya karibu. Na unapopita tena mahali ulipokwisha kusoma, tumia kitufe cha kuruka: mchezo unakumbuka sentensi ulizosoma, unazipita mbio, na unasimama wenyewe ukifika kwenye jipya. Ukipitwa na sentensi kwa bahati mbaya, kuna kumbukumbu ya mazungumzo unayoweza kuifungua ukasoma nyuma, na sauti ukazisikiliza upya.

Sasa historia, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mchezaji wa Kijapani anapofungua Hakuoki tayari anajua nani atakufa. Wewe hujui, na hilo ndilo pengo kubwa kati yako na yeye. Shinsengumi hawakubuniwa na watunzi wa mchezo. Kilikuwa kikosi cha kweli cha wapiga panga kilichoundwa Kyoto mwaka 1863, kikakaa kijiji cha Mibu, kikalinda mji kwa niaba ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, chini ya bwana wa Aizu, Matsudaira Katamori. Kamanda wao Kondo Isami na makamu wake Hijikata Toshizo walikuwa watoto wa wakulima wa Tama, karibu na Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Fikiri hapo kidogo. Watu ambao hawakuzaliwa samurai walijifunga kuwa samurai kuliko samurai wenyewe, wakati ule ule ambapo usamurai ulikuwa unakata roho. Bendera yao ilikuwa na herufi moja, makoto, yaani uaminifu. Sheria yao ilikuwa kali: anayekiacha kikosi anajipasua tumbo.

Julai 1864 walivamia nyumba ya wageni ya Ikedaya na jina lao likavuma nchi nzima. Baada ya hapo ni mteremko. Januari 1868 walishindwa vitani Toba na Fushimi, karibu na Kyoto, panga zikiwa mbele ya bunduki. Mwezi Mei mwaka huo Kondo alikatwa kichwa Itabashi. Okita Soji, fundi wa upanga aliyekuwa kijana bado, alikufa kwa kifua kikuu mwaka huo huo akiwa kitandani, mbali na vita. Hijikata alipigana akirudi nyuma hadi kaskazini, Hakodate, na huko akauawa kwa risasi Juni 1869.

Watoto wa Japani wanakua na majina haya kwenye vitabu, tamthilia na katuni. Kwa hiyo anayecheza otome hii haulizi kama mpenzi wake atashinda vita. Vita imekwisha kushindwa zaidi ya miaka 100 kabla mchezo haujatungwa. Anachouliza ni kingine: ukimpenda mtu ambaye mwisho wake unaujua, utafanya nini na siku zilizobaki? Jina la mchezo lenyewe limebeba jambo hilo. Herufi zake ni tatu: hafifu, sakura, na oni, yaani zimwi la Kijapani. Sakura hupendwa na Wajapani kwa sababu ua lake halikai, siku chache na upepo umelichukua. Zile petali zinazopeperuka ukijibu vizuri zina maana mbili, mdogo wangu. Mapenzi yameongezeka, na ua limeanza kuanguka.

Ndiyo maana wanywa damu wako mahali pao kabisa. Wanaitwa rasetsu, neno lililofika Japani na dini ya Kibuddha kutoka India, ambako rakshasa ni viumbe wala watu. Humu ndani mtu huwa rasetsu akinywa maji yaitwayo ochimizu. Nywele zinageuka nyeupe, macho mekundu, jeraha linaziba ukilitazama, nguvu inakuwa ya watu kadhaa. Halafu jua linamlemea, na kiu ya damu inamjia kwa vishindo. Jina ochimizu nalo si la kubuni: katika mashairi ya kale kabisa ya Kijapani ndiyo maji ya mungu wa mwezi yanayomrudishia mtu ujana wake. Watunzi wameligeuza. Maji ya mchezo hayakupi ujana, yanakukopesha nguvu kutoka kwenye siku zako mwenyewe. Kila unapoitumia, umri wako unapungua, na zikiisha siku unabaki majivu.

Tazama sasa walivyolishona jambo hili na historia. Nitakupa mfano mmoja wa mapema ili nisikuharibie utamu. Yamanami Keisuke, ambaye mchezo unamwita Sannan, alikuwa kiongozi wa kweli wa kikosi. Historia inasema alijipasua tumbo mwaka 1865 baada ya kukitoroka. Mchezo unamchukua mtu huyu, unampa jeraha la mkono lililomnyima upanga, unamwonyesha akizidi kuwa mchungu wa maneno siku baada ya siku, kisha unamweka usiku mmoja mbele ya chupa ya ochimizu. Anakunywa. Kesho yake kikosi kinatangaza kwamba amekufa, na yeye anaendelea kuishi kwenye giza. Tarehe ya historia haijaguswa. Kilichobadilika ni kilicho nyuma ya tangazo. Mchezo mzima umejengwa hivyo: unatafuta mahali ambapo kumbukumbu zimenyamaza, unaingiza ndoto yake hapo. Hata kaburi la Hijikata, mahali mwili wake ulipozikwa, halijulikani hadi leo, na mtunzi mwenye akili hawezi kulipita pengo kama hilo bila kuchungulia.

Na wale oni? Kiingereza kinawaita kwa neno linalotufanya tufikirie shetani, na hapo msomaji wa Kiswahili anapotoka njia. Oni si shetani wa dini. Ni karibu zaidi na zimwi wa hadithi za bibi: ana nguvu, ana ukoo, ana hasira zake, na anaweza hata kuwa na adabu. Kila mwezi Februari Wajapani hurusha maharagwe mlangoni kumfukuza oni, watoto wakipiga kelele za furaha. Kazama, oni utakayekutana naye, ana heshima ya kiungwana inayowashinda binadamu wengi wa hadithi hii, pamoja na kiburi kisichovumilika. Kila nikimwona nakumbuka msemo wetu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kuhusu uhusiano wa Chizuru mwenyewe na viumbe hawa sisemi neno. Utafika.

Sasa rudi kwenye chaguo zako ukiwa na haya kichwani. Baadaye kwenye njia nyingi utakutana na tukio hili: mwanamume uliyemfuata amepiga magoti, pumzi haitoshi, nywele zimeanza kuwa nyeupe, vidole vinakwaruza mkeka wa tatami. Chizuru ana upanga mfupi wa ukoo wake na mishipa yenye damu. Skrini inakuuliza ufanye nini. Mbali na pointi za mapenzi, mchezo una hesabu ya pili inayofuata jinsi kiu ya damu inavyomteka mtu huyo, na zote mbili zina usemi kwenye mwisho utakaoupata. Ukijibu kwa kutafuta petali tu, utakuwa umecheza mtihani. Jiulize huyu mtu ni nani. Kuna anayeona aibu kuonwa katika hali hiyo kuliko maumivu yenyewe. Kuna ambaye kumwachia avumilie peke yake ni kumwambia kwamba humwamini. Ukiwa umemsoma tangu mwanzo, mara nyingi utajua.

Kwa hiyo orodha za mtandaoni, ushauri wangu ni huu: njia ya kwanza icheze bila orodha, hata ukipata mwisho mbaya. Mwisho mbaya humu si adhabu, ni sehemu ya kitabu, na baadhi yake umeandikwa kwa uchungu mzuri sana. Kuanzia njia ya tatu au ya nne, ukishachoka kubahatisha, tumia orodha bila aibu. Mimi huitumia. Ila usiisome mbele zaidi ya sura uliyopo, kwa sababu waandishi wake hufichua vifo kwenye vichwa vya habari.

Uanze na nani? Mimi humshauri mgeni aanze na Saito au Harada. Saito Hajime ni mkimya, anashika upanga kwa mkono wa kushoto, na njia yake inakufundisha vita na rasetsu kwa mpangilio unaoeleweka. Tena ni katika wachache wa kikosi waliozeeka kweli: alibadili jina, akawa polisi, akafa mwaka 1915, na kujua hivyo kunakupa pumzi. Harada ana njia ya joto, ya mtu mzima anayejua anachotaka, na haina damu nyingi. Okita mwache katikati, moyo ukiwa umepata ugumu kidogo, kwa maana kijana anayekufa kwa kifua na maji ya ajabu yanayoahidi nguvu, unaweza kukisia mwenyewe uzito wake. Kazama mwache hadi baadaye, ukishawajua maadui zake.

Hijikata awe wa mwisho. Sitaki ubishe hapo. Hadithi kuu imekaa mabegani mwake, siri nyingi zinafunguka kwenye njia yake, na ukimwanza yeye wengine watakuwa vivuli. Mtazame anavyobadilika mavazi: mwanzoni ni yule mkali wa Kyoto aliyemwelekezea Chizuru upanga usiku wa theluji, kufika kaskazini amekata nywele, amevaa suti ya Kizungu, na bado anabeba bendera ya makoto. Sauti yake ni ya mwigizaji Miki Shinichiro. Sauti za mchezo wote ni za Kijapani, na nakuomba usizizime hata kama huelewi neno. Sikiliza wanavyomwita. Kwa Wajapani, kutoka jina la ukoo hadi jina la mtu mwenyewe, au kuongeza "san" au "chan" mwishoni, ni umbali unaopimika. Okita anamwita Chizuru-chan kama anayemtania mtoto. Maandishi ya Kiingereza hayawezi kubeba yote hayo, sikio lako linaweza.

Jambo moja ulijue mapema kuhusu sehemu mbili. Kyoto Winds inaishia njiani. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, mwisho wake si harusi, ni safari inayokatwa vita ikiwa imeanza, na utamkuta mtu wako tena kwenye Edo Blossoms. Wengi hudhani wamekosea tena. Hujakosea, fungua sehemu ya pili.

Nisiufiche udhaifu wake, kwa kuwa utauona. Chizuru anawekwa kizuizini na watu hawa kwa sababu aliona siri yao, na mchezo unataka tusahau haraka mno kwamba mapenzi yameota ndani ya kifungo. Upanga anao, na mara nyingi anaubeba bila kuuchomoa, akisubiri kuokolewa. Zimekuwepo nyakati nimeweka mashine chini kwa kuudhika naye. Kinachonirudisha ni ukaidi wake wa kubaki. Kadiri kikosi kinavyopungua, anayeondoka ni wengi na anayebaki ni yeye. Pia, kuna watu kujipasua tumbo, vichwa kukatwa na damu nyingi. Kama una wadogo wanaochungulia begani, cheza wakilala.

Kwa dada yako, mwambie hivi: kweli ni kusoma, na kweli ni kubonyeza kitufe. Halafu mkalishe karibu nawe usiku mmoja, kwenye tukio lile la nywele nyeupe, umpe yeye kitufe. Usimwambie ajibu nini. Mimi nilimfanyia hivyo mama yangu mdogo, ambaye hasomi Kiingereza sana, nikawa namtafsiria sentensi moja moja. Alikaa na kile kitufe mkononi muda mrefu, akaniuliza kama kijana huyu ana mama.

Leo usirudi kwenye zile sevu tatu za zamani, pointi zake zimekwisha kutawanyika. Anza upya, nenda hadi usiku wa theluji Chizuru anapoingia Kyoto amevaa mavazi ya kiume, akimtafuta baba yake, daktari Kodo, aliyeacha kuandika barua. Kuna neno lolote limetiwa rangi kwenye maandishi? Lifungue, kamusi ya mchezo itakueleza ni nani na ni nini. Swali la kwanza likija, sevu kwenye nafasi ya kwanza, kisha mtazame Saito amesimama upande gani.